Tochi ya kufuata damu ya kulungu usiku: ipi ununue, ipi uiache dukani

Msimu wa kuwinda kulungu Marekani huangukia miezi ambayo jua huzama mapema. Saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwenye majimbo ya kaskazini kama Pennsylvania, Michigan na Wisconsin saa kumi na mbili jioni inakukuta gizani tayari. Na kulungu wa huko, wale ambao mkia wao ni mweupe kwa chini, hutoka kwenda malishoni dakika zile zile za mwisho za mwanga. Majimbo mengi yanaruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama. Kwa hiyo mishale na risasi nyingi huachiwa magharibi, mnyama anakimbia na jeraha lake mita 50, 100, pengine 200 na zaidi, na mwindaji anaingia msituni kumtafuta wakati hata mkono wake mwenyewe hauoni.

Nawaandikia hasa wenzetu tulioko Amerika Kaskazini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwingine Afrika Mashariki kuwinda kihalali ni shughuli ya vibali na gharama ambayo wengi hatukuisogelea. Leseni ya kwanza ya kuwinda wengi wetu tumeishika huku, tukiwa na jirani au mfanyakazi mwenzetu aliyetualika. Mwenyeji huyo atakusaidia kuchagua bunduki, atakwambia viatu gani uvae, lakini ukifika kwenye tochi atasema tu, "Chukua yoyote yenye mwanga mkali." Ushauri huo umewafanya watu wengi wampite mnyama wao akiwa amelala hatua 20 kutoka njia waliyopita. Nyama inaoza, mnyama amekufa bure, na sababu ni kwamba damu ilikuwepo ila haikuonekana.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: tochi ya kazi hii inunuliwe kwa jinsi inavyoonyesha rangi nyekundu. Lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, zifuate nyuma.

Kwa nini damu hupotea chini ya tochi kali

Damu tunaiona nyekundu kwa sababu himoglobini iliyomo inameza mwanga wa urujuani, wa buluu na wa kijani, kisha inarudisha mwanga mwekundu, hasa ule wenye mawimbi ya zaidi ya nanometa 600. Kama tochi yako haitoi mwekundu wa kutosha, tone la damu halina cha kukurudishia. Litaonekana jeusi au kahawia, sawasawa na jani lililolowa.

LED nyeupe za kawaida zimetengenezwa kwa chipu inayotoa mwanga wa buluu, iliyofunikwa kwa unga wa njano. Buluu na njano zikichanganyika jicho huona weupe, lakini ndani ya weupe huo mwekundu ni haba. Ukutani au barabarani huwezi kugundua. Utagundua siku unapopiga magoti juu ya majani ya mwaloni yaliyopukutika, ambayo yenyewe ni ya kahawia na yana madoadoa mekundu ya ukungu wa mimea, ukajaribu kubaini doa lipi ni la jani na lipi ni la mnyama.

Kwenye karatasi ya vipimo vya tochi tafuta herufi CRI. Hicho ni kipimo cha uaminifu wa rangi, na mwisho wake ni 100. Balbu ya zamani ya waya hufika huko karibu kabisa. LED ya tochi ya kawaida hucheza karibu na 70, na iliyo nzuri huanzia 90. Lakini usiishie hapo, maana CRI inayoandikwa kwenye boksi ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, na nyekundu iliyokolea haimo kati ya hizo. Nyekundu ina namba yake, R9. LED ya CRI 70 inaweza kuwa na R9 iliyoshuka chini ya sifuri, na hata baadhi ya zile za 80 ziko hoi upande huo. Nichia, kampuni ya Kijapani inayotengeneza LED zinazopendwa na watu wa tochi, huandika zote mbili kwa mkupuo: R9050 ni CRI 90 na R9 ya 50, R9080 ni CRI 90 na R9 ya 80. Muuzaji asiyeandika hata CRI, chukulia kwamba hana cha kujivunia hapo.

Nyeupe ya baridi dhidi ya nyeupe ya joto

Huu ndio ulinganisho ambao ningetaka kila mtu aufanye kwa macho yake kabla ya kutoa pesa. Upande mmoja kuna tochi ya LED baridi, kelvini 6000 hadi 6500 (kelvini hupima rangi ya mwanga: zikipanda unaelekea buluu, zikishuka unaelekea njano), inayotangazwa kwa lumeni 2000 au zaidi. Upande wa pili kuna tochi ndogo ya LED yenye CRI ya 90 na kuendelea, kelvini 3500 hadi 4500, inayotoa lumeni 300 tu ukiiweka katikati.

Ile ya kwanza inakupa mwanga wenye kabuluu. Majani makavu yanapauka na yale mabichi yanameta kwa umande. Kila penye unyevu panang'aa, nawe unahitaji kuinama kwenye kila king'aacho. Mwanga ukizidi, ule unaorudi machoni unakuwa mkali kiasi kwamba tofauti ndogo za rangi zinafutika. Tone la damu lenye ukubwa wa punje ya mtama, lililokaa ubavuni mwa jani la nyasi, halina nafasi hapo.

Ile ya pili kwa mtazamo wa kwanza inaonekana dhaifu, na mtu aliyezoea lumeni 2000 atadhani betri imekwisha. Mpe dakika chache macho yake yatulie. Majani yanabaki na rangi zao, kahawia ni kahawia, kijani ni kijani, na damu mbichi inatokeza kwa wekundu wake kabla hujaitafuta. Damu iliyoanza kukauka huelekea kahawia, na hapo tofauti hupungua kwa tochi zote mbili, lakini bado ya joto inakuonyesha kingo za tone zilizokolea na katikati palipopasuka.

Jipimie mwenyewe nyumbani. Chukua maji ya damu yaliyobaki kwenye mfuko wa maini ya ng'ombe, uende nje usiku, udondoshe matone kwenye majani yaliyopukutika, kwenye nyasi na kwenye gome la mti. Mwombe mtu mwingine adondoshe mengine usikokuona. Kisha yatafute kwa tochi zote mbili, moja baada ya nyingine. Ni jaribio la dakika 10, na linakwambia mengi kuliko tangazo lolote.

Kuhusu kelvini, usivuke mipaka upande wa pili pia. LED ya kelvini 2700 ina wekundu mwingi, ila kila kitu kinakuwa cha rangi ya chungwa na majani makavu yanaungana na damu. Mimi napenda 4000, kidogo chini au juu yake.

Tochi zinazouzwa kwa jina la damu

Dukani utakuta tochi zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya kufuata damu. Nyingi huchanganya LED nyekundu na LED za buluu, bila kijani. Wazo lenyewe lina msingi: mwanga usio na kijani huyafanya majani mabichi yawe meusi, na damu inabaki na wekundu wake. Kwenye nyasi mbichi za Septemba, msimu wa upinde unapoanza kusini, utaona tofauti.

Lakini Novemba msituni hakuna kijani. Kuna majani makavu ya kahawia na mekundu, na hayo nayo yanarudisha mwanga mwekundu kama damu inavyorudisha. Kwa hiyo unabaki na dunia ya zambarau ambamo kila kitu kimefanana, na macho yanachoka upesi. Kwa bei wanayoitaka, unaweza kupata tochi nyeupe nzuri ya CRI ya juu na betri ya akiba. Siwashauri kuinunua labda mtu awe anawinda mapema kwenye mashamba ya nyasi na tayari ana tochi nyingine ya kutegemea.

Kuna watu wanaotoka na tochi ya mionzi ya urujuanimno (UV) wakitarajia damu ing'ae. Damu haing'ai. Inaumeza mwanga huo na kuwa nyeusi zaidi. Kinachong'aa kwenye maabara za polisi ni kemikali ya luminoli inaponyunyiziwa juu ya damu, na yenyewe hailengwi tochi, inatazamwa gizani. Msituni, tochi ya urujuanimno itakuangazia kuvu, baadhi ya magome na nyuzi za nguo yako. Iache.

Na ile taa nyekundu iliyomo kwenye tochi nyingi za kichwani, ya kulinda macho yasipoteze mazoea ya giza? Ni nzuri kwa kutembea kuelekea kwenye kituo chako alfajiri. Ukiiwasha wakati wa kufuata damu umejifungia njia mwenyewe, maana chini ya mwanga mwekundu mtupu jani la rangi hafifu na damu iliyo juu yake vinaweza kuonekana kitu kimoja.

Wenye upofu wa rangi nyekundu na kijani niwaseme kidogo. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni karibu mmoja kati ya 12, na sisi pia tunao, ingawa ni wachache zaidi. Mtu wa namna hiyo CRI haimsaidii kama inavyomsaidia mwenzake. Yeye ajaribu mwanga wa kijani, ambao unaigeuza damu nyeusi juu ya jani linalong'aa, na azoee kutafuta mmeto na unene wa tone badala ya rangi. Zaidi ya yote aende na mtu.

Karabai bado ina watu wake

Aliyekulia Mwanza, Bukoba au Kilwa anaijua karabai: taa ya kupampu, yenye utambi wa kitambaa unaowaka mweupe, ambayo wavuvi wa dagaa waliitegemea miaka mingi kabla ya taa za LED na sola kuingia ziwani. Marekani karabai yao ni Coleman, kampuni iliyokulia Wichita, Kansas, na wawindaji wazee hawaambiwi kitu juu ya taa hiyo. Wanaweka karatasi ya alumini upande mmoja wa kioo ili mwanga usiwapige machoni, kisha wanatembea wameishusha usawa wa goti.

Nawaelewa. Mwanga wake una wekundu ndani, unasambaa sawasawa pande zote bila duara kali la katikati, na watu wawili au watatu wanaweza kutafuta kwa pamoja chini ya taa moja. Kwa muda mrefu hakukuwa na tochi iliyoikaribia, na LED za kwanza zilizokuja zilikuwa mbaya sana kwa rangi, ndiyo maana wazee wengi walizijaribu mara moja wakarudi kwenye karabai.

Siku hizi sababu hiyo imeisha. Karabai ni nzito, kioo chake kinavunjika, utambi ukishaungua mara ya kwanza unabaki jivu linalomomonyoka ukijikwaa, na unatembea na moto wa mafuta katikati ya majani makavu. Inavuma pia, na kwa mtu anayefuata mnyama aliyejeruhiwa, masikio ni muhimu: kuna wakati utamsikia akiinuka kabla ya kumwona. Kama mzee aliyekualika anayo, tembea naye na ujifunze jinsi anavyoishika. Kuinunua leo kwa kazi hii sioni haja.

Kichwani au mkononi?

Jibu langu ni zote mbili, ila kila moja kwa kazi yake.

Tochi ya kichwani inakuachia mikono. Unahitaji mikono kufunga utepe wa chungwa kwenye kila damu uliyoiona, kushika matawi ya miiba, na baadaye kupasua mnyama. Kwa kuchinja na kutoa matumbo gizani hakuna mbadala. Lakini ina kasoro mbili ambazo wauzaji hawazitaji. Kwanza, usiku wa baridi pumzi yako inatoka kama moshi na kupita moja kwa moja mbele ya taa, hivyo kila ukipumua unawekewa pazia jeupe usoni. Pili, taa iko karibu na macho yako, mwanga unakwenda na kurudi kwa njia moja, na vivuli vyote vinajificha nyuma ya vitu. Ardhi inaonekana tambarare.

Shika tochi mkononi, uishushe mpaka usawa wa goti na uielekeze mbele kwa mshazari, uone mabadiliko. Kwato iliyochimba udongo inapata kivuli. Jani lililopinduliwa, ambalo upande wake wa chini ni mbichi na mweusi, linajitenga na wenzake. Tone la damu ambalo bado lina unyevu linapata mmeto wa pembeni, na hata matone yaliyopakwa juu kwenye vijiti vya nyasi, pale ubavu wa mnyama ulipogusa, yanaonekana kwa sababu mwanga unayapiga kutoka chini. Watu wengi hutazama ardhini tu wakasahau kwamba kulungu aliyepigwa juu ya mbavu anaweza kuvujia ndani kwa muda na kuacha damu kwenye vichaka kabla haijaanza kudondoka chini.

Kwa tochi ya kichwani, tafuta yenye lenzi iliyofifishwa ili mwanga utandae bila duara. ZebraLight, kampuni ya Texas, huweka herufi "c" mwishoni mwa jina la modeli zenye CRI ya juu na "F" kwa zenye lenzi ya namna hiyo. Armytek nao wana toleo la Wizard lenye LED ya Nichia. Kwa ya mkononi, Convoy S2+ iliyowekwa LED ya Nichia 519A ni kijitochi cha betri moja, cha bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida hailalamikii, na kwa rangi kinazishinda tochi za mara tatu ya bei yake. Ukinunua, hakikisha umechagua 519A kwenye orodha ya LED, kwa kuwa tochi hiyo hiyo huuzwa pia na LED baridi za kawaida.

Mwanga wa kwenda mbali nao una wakati wake. Ukifika ukingoni mwa shamba au bonde, damu imekatika, unataka kutupa jicho mita 100 mbele uone tumbo jeupe la mnyama aliyelala au macho yanayorudisha mwanga. Macho ya kulungu yana utando nyuma unaoakisi, na usiku yanawaka kama vigae. Hapo lumeni 1000 na mwale mwembamba vina faida, na rangi si hoja. Kama tayari unayo tochi kali ya baridi nyumbani, hiyo ndiyo kazi yake. Ibebe mfukoni, usiifuatie damu.

Betri, baridi na maji

Lumeni za kwenye boksi hupimwa, kwa kanuni ya ANSI FL1 ambayo viwanda vingi huifuata, kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha. Muda wa betri nao huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo tochi inayosema lumeni 2000 kwa saa 3 inaweza kuwa imekupa hizo 2000 kwa dakika 3, ikachemka, ikajishusha yenyewe, na saa zilizobaki ukatembelea mwanga mdogo. Uliza inashikilia kiasi gani kwa saa 2 mfululizo. Ikishikilia 300 bila kutetereka inatosha.

Betri ya kuchaji ya 18650 ndiyo naipendekeza. Ni milimita 18 kwa 65, na iliyo halisi hubeba takriban miliampea-saa 2500 hadi 3500. Ukiona imeandikwa 9900, hiyo ni bandia, na betri bandia ya lithiamu ni hatari usoni pako. Aina ya 21700 ni kubwa zaidi na hufika 5000, inafaa kwa ya mkononi lakini kichwani inaanza kulemea shingo. Tochi za betri ndogo za AA si mbaya kwa dharura, ila zile za alkali hulegea vibaya sana barafu ikianza; kama ni lazima, weka AA za lithiamu zisizochajiwa, ambazo baridi haizisumbui. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani ya koti, karibu na mwili. Na usichaji betri ya lithiamu ikiwa bado ina ubaridi wa chini ya sifuri, iache ipate joto la nyumbani kwanza.

Kwa maji, IPX4 ni ya mvua ya kawaida. IPX7 inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa, na kwa mtu atakayevuka vijito usiku, hiyo ndiyo ya kuchukua.

Kwa mfuko wako

Mwenye dola 40 hivi: Convoy au inayofanana nayo, CRI ya 90, betri moja na chaja, basi. Utapasua mnyama ukiwa umeibana kwapani, lakini utampata. Mwenye dola 100 hadi 130: tochi nzuri ya kichwani ya CRI ya juu pamoja na hiyo ndogo ya mkononi, betri 3. Hapo ndipo ningetaka kila mwindaji afike. Zaidi ya hapo pesa inakwenda kwenye vitu ambavyo havikuongezei damu ya kuona.

Kamera ya joto ni habari nyingine. Inaanzia mamia ya dola na kupanda hadi maelfu, inamwona mnyama mwenyewe badala ya damu, na kwenye shamba wazi ni ajabu. Kwenye kichaka kizito haipenyi majani, na mnyama aliyekufa saa nyingi hupoa. Kabla ya kuinunua soma sheria ya jimbo lako, maana yako yanayoikataza kwa wawindaji wa kulungu hata wakati wa kutafuta, na droni ziko katika hali hiyo hiyo.

Sheria ya tochi yenyewe pia haifanani. Kumulika kulungu ili umpige ni kosa kubwa karibu kila mahali, na askari wa wanyamapori akiona mwanga unazunguka msituni atakuja kuuliza. Mahali pengine unaruhusiwa kumtafuta kwa tochi mradi umeacha silaha kwenye gari, kwingine unatakiwa kuwapigia kwanza. Mnyama akivuka kuingia shamba la mtu, gonga mlango uombe ruhusa. Kwa ngozi yetu na lafudhi yetu, usiku, shambani kwa mtu, hili naliandika kwa uzito wote: usiingie bila ruhusa hata kama unamwona amelala hatua tatu ng'ambo ya uzio.

Tochi bora haiharakishi kifo

Rangi ya damu inakueleza ni wapi umepiga, na hii ni sababu nyingine ya kutaka mwanga wa kweli. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu. Subiri nusu saa hivi, atakuwa karibu. Damu nyekundu iliyokoza, karibu na rangi ya zambarau, inaashiria ini, na hiyo inataka saa 4 hadi 6. Ukiona majimaji yenye kijani na vipande vya chakula, umepiga tumbo: rudi nyuma kimya kimya, mpe saa 8 hadi 12. Chini ya LED baridi ini na mapafu huonekana karibu sawa, na mtu anamkimbiza mnyama ambaye angelala na kufia pale pale. Kinachobana ni joto. Usiku wenye nyuzi zaidi ya 10 za Selsiasi nyama haitasubiri mpaka asubuhi, na penye koyote wengi, wale wanyama wa porini wa jamii ya mbwa, unaweza kukuta mifupa, kwa hiyo kila mtu atapima kwa hali ya usiku wake.

Kwa wenzetu Waislamu kuna la kuongeza. Mtume alimweleza sahaba wake Adi bin Hatim kwamba windo lililopatikana baada ya siku moja au mbili, likiwa halina alama nyingine ila ya mshale wako, linalika, na lililokutwa limezama majini haliliki. Kuifuata damu hatua kwa hatua, ukajua mnyama alikopita na alivyofia, kunakupa uhakika huo. Masuala ya risasi na mengineyo mpelekee sheikh unayemwamini kabla ya msimu kuanza.

Beba pia kichupa cha kunyunyizia chenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya dawa ya vidonda. Doa usilolielewa, linyunyizie: likiwa damu litatoa povu jeupe papo hapo, likiwa ukungu wa jani litalala tu. Hiyo ni dola moja au mbili, na imemaliza mabishano mengi msituni kuliko tochi ya dola 200.

Na damu ikikatika kabisa, simama hapo hapo kwenye utepe wako wa mwisho. Usianze kuzunguka zunguka na watu watano wenye tochi, maana mnakanyaga harufu na kupindua majani yote. Majimbo mengi sasa yanaruhusu mbwa wa kunusa aliyefungwa kamba, na chama cha United Blood Trackers kina orodha ya wenye mbwa hao kwa kila jimbo. Wengi wao huomba pesa ya mafuta tu au kiasi kidogo. Hifadhi namba ya aliye karibu nawe kwenye simu kabla msimu haujaanza, na ukimpigia, mwambie saa uliyopiga, rangi ya damu uliyoiona, na umefuata mpaka wapi.